Mwalimu Aliyekaa: Urithi wa Bruda Colm O'Connell wa Iten

Mwezi Agosti 1997 Wilson Kipketer aliivunja rekodi ya dunia ya mita 800 mara mbili katika muda usiofika wiki mbili, kwanza Zürich na kisha Köln, akaiacha kwenye dakika 1 na sekunde 41.11. Rekodi hiyo ilikaa miaka 13. Agosti 2010 David Rudisha naye akaivunja mara mbili ndani ya wiki moja, Berlin na Rieti, na miaka miwili baadaye akaishusha hadi 1:40.91 katika fainali ya Olimpiki ya London. Kipketer alikimbia chini ya bendera ya Denmark, Rudisha chini ya bendera ya Kenya. Mmoja ni mtoto wa Wanandi, mwingine ni mtoto wa Wamaasai wa Kilgoris. Na wakati wa kwanza alipokuwa bingwa wa dunia, wa pili alikuwa bado na umri wa shule ya msingi. Kinachowaunganisha ni mji mmoja, Iten, ulio juu ya ukingo wa Bonde la Kerio, na mwalimu mmoja wa jiografia kutoka Ireland ambaye alifika pale bila kuwa amesomea ukocha hata kidogo.

Mwalimu huyo ni Bruda Colm O'Connell, aliyefika Shule ya Sekondari ya Wavulana ya St. Patrick's mwaka 1976 akiwa mtawa wa shirika la Mabruda wa Patrician, na ambaye maisha yake yote yaliyofuata ameyaishi hapo hapo. Habari zake zimesimuliwa mara nyingi, na kwa maoni yangu zimesimuliwa kwa namna mbili ambazo zote zina kasoro. Wapo wanaomsimulia kama mzungu aliyekuja kuwafundisha Wakenya kukimbia. Wapo pia wanaosema kwamba hakufanya lolote la maana, kwa kuwa Iten iko mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari, watoto wake wamekulia milimani, na yeyote ambaye angesimama pale na filimbi mdomoni angevuna mabingwa wale wale. Simulizi la kwanza linawadhulumu Wakenya, la pili linaidhulumu kazi ya ualimu, na yote mawili yanatuficha jambo ambalo lingetufaa sana sisi wa Afrika Mashariki tukilitazama vizuri.

Nianze na hilo la kwanza, kwa sababu tarehe zenyewe zinalikataa. Kipchoge Keino, Naftali Temu na Amos Biwott walirudi na dhahabu kutoka Mexico mwaka 1968, miaka minane kabla ya Bruda Colm kuiona Kenya. Mike Boit, aliyesoma St. Patrick's hiyo hiyo, alipata shaba ya mita 800 mjini Munich mwaka 1972. Henry Rono alivunja rekodi nne za dunia kati ya Aprili na Juni 1978 bila kupita mikononi mwa mwalimu huyu. Hata shuleni kwenyewe Bruda Colm hakuanzisha kitu; alikuta riadha ikiwa imeshaota mizizi, akapokea kijiti kutoka kwa Peter Foster, kijana wa Kiingereza aliyekuwa akifundisha pale, ndugu yake Brendan Foster, ambaye mwaka huo huo wa 1976 alipata shaba ya mita 10,000 katika Olimpiki ya Montreal. Foster aliondoka, kama walivyoondoka wageni wengi waliopita katika shule za Kenya wakati ule. Bruda Colm alibaki.

Kubaki kwenyewe kulianza katika kipindi kigumu kwa mkimbiaji wa Afrika. Nchi nyingi za bara letu zilisusia michezo ya Montreal kwa sababu ya uhusiano wa raga kati ya New Zealand na Afrika Kusini ya ubaguzi, nasi Tanzania tulikuwa mstari wa mbele katika msimamo huo, kwa gharama ya Filbert Bayi, ambaye ulimwengu mzima ulikuwa ukisubiri kumwona akipambana na John Walker katika mita 1,500. Mwaka 1980 Kenya haikwenda Moscow. Kwa hiyo kijana wa St. Patrick's aliyekuwa akipiga mbio vumbini mwishoni mwa miaka ya 1970 hakuwa na Olimpiki ya kuiwaza. Njia iliyokuwa wazi ilikuwa vyuo vikuu vya Marekani vilivyotoa ufadhili kwa wanariadha, na njia hiyo ilikuwa na sharti ambalo leo tunalisahau kirahisi, nalo ni kwamba mtu aliyetaka kuipita alilazimika kuwa na cheti cha kidato cha nne chenye alama zinazosomeka. Mbio zilikuwa zimefungwa kwenye masomo tangu mwanzo. Ibrahim Hussein alipita huko akaenda New Mexico, na Peter Rono akapita huko akaenda Maryland.

Sisi Watanzania tunamkumbuka Hussein kwa maumivu. Mwaka 1987 alikuwa Mwafrika wa kwanza kushinda marathoni ya New York, na Aprili 1988, katika mitaa ya Boston, alimpita Juma Ikangaa wetu mwishoni kabisa mwa kilomita 42, akashinda kwa sekunde moja: 2:08:43 kwa 2:08:44. Ikangaa hakuwa mkimbiaji dhaifu kuliko Hussein. Alitoka katika jeshi, alikuwa na kifua na moyo, na mwaka uliofuata yeye mwenyewe aliishinda New York. Nikiitazama sekunde ile moja sioni tofauti ya vipaji kati ya nchi mbili. Ninachokiona ni kwamba nyuma ya Hussein kulikuwa na shule iliyoendelea kutoa wengine, na miezi mitano baada ya Boston, katika Olimpiki ya Seoul, kijana mwingine wa shule ile ile, Peter Rono, akiwa na umri wa miaka 21, aliongoza fainali ya mita 1,500 na kuwaacha nyuma akina Peter Elliott na Steve Cram. Nyuma ya Ikangaa kulikuwa na kambi ya jeshi, lakini shule haikuwepo.

Alichokifanya Bruda Colm uwanjani ni kidogo kuliko watu wanavyotarajia. Wageni wanaokwenda Iten kutafuta siri hurudi wakiwa wamechanganyikiwa, kwa maana wanakuta kikundi kidogo, mazoezi mepesi ya kunyoosha mgongo na kupanga mikono, marudio ya kuinua magoti, na mzee anayezungumza kwa sauti ya chini. Ambaye amewahi kusimama kando ya barabara za udongo mwekundu za Iten alfajiri anaifahamu picha inayoshangaza kuliko zote: kundi la watu ambao baadhi yao wana medali za dunia linaanza safari yake polepole mno, miguu ikiburuzika, wengine bado wana kofia za sufu na majaketi yamefungwa hadi shingoni, kiasi kwamba mtoto anayewahi shule na mkoba wake mgongoni anaweza kutembea sambamba nao kwa mita mia kadhaa. Mwendo unakuja baadaye, wenyewe, mwili ukishapata moto. Mtu aliyezoea mchakamchaka wa shule zetu, ambapo kiranja anapiga mbio tangu hatua ya kwanza na wadogo wanaachwa wakitapika kwenye majani, anaweza kudhani kwamba wale hawana nia ya kukimbia. Lakini ndiyo falsafa nzima. Mtoto hafundishwi kuogopa mazoezi, na mwili wake hauchumwi kabla haujaiva.

Subira hiyo inaonekana vizuri zaidi kwa Rudisha kuliko kwa mwingine yeyote. Alifika mikononi mwa Bruda Colm mwaka 2005 akiwa kijana wa mita 400 aliyewahi pia kujaribu michezo kumi ya dekathloni, mtoto wa Daniel Rudisha, aliyekuwa katika timu ya Kenya iliyopata fedha ya kupokezana vijiti vya mita 400 mwaka 1968. Akahamishiwa mita 800. Mwaka 2006 akawa bingwa wa dunia wa vijana, na hapo ndipo makocha wengi wangeanza kumkamua. Mwaka 2008 aliikosa Olimpiki ya Beijing kwa jeraha. Mwaka 2009, kwenye mashindano ya dunia ya Berlin, aliishia nusu fainali. Miaka mitatu tangu ubingwa wa vijana, hakuwa na medali ya dunia ya wakubwa, na hakuna ushahidi kwamba mwalimu wake alibadili chochote kwa hofu. Mwaka uliofuata rekodi ya Kipketer ikaanguka.

Fainali ya London, tarehe 9 Agosti 2012, huwa naitazama tena mara kwa mara, na kila mara naiona kama kazi ya mwalimu kuliko ya kocha. Katika Olimpiki hakuna sungura wa kuongoza mbio, kwa hiyo desturi ni wakimbiaji kuviziana mzunguko wa kwanza na kufyatuka mwishoni. Rudisha alishika mbele tangu mwanzo. Mzunguko wa kwanza ulipita kwa sekunde 49.28, na ukiangalia mabega yake kwenye kona ya mwisho utaona kwamba hayajapanda. Mikono inakwenda mbele na nyuma kama ilivyofundishwa kwenye nyasi. Nyuma yake wote walivutwa na mwendo wake. Nijel Amos wa Botswana alimaliza kwa 1:41.73, na Timothy Kitum, kijana wa Kenya mwenye umri wa miaka 17 tu, akachukua shaba. Aliyekuwa wa nane na wa mwisho alitumia 1:43.77, muda ambao ungempa dhahabu katika kila moja ya Olimpiki tatu zilizotangulia. Wengi wa wale saba walikimbia kwa kasi kuliko walivyowahi kukimbia kwa sababu mmoja alikubali kubeba upepo peke yake. Rudisha alirudia dhahabu hiyo Rio mwaka 2016, baada ya goti kumtesa na msimu mzima wa 2013 kuharibika, na hilo nalo ni fundisho la mtu aliyelelewa kusubiri.

Sasa nije kwenye simulizi la pili, lile la mwinuko wa ardhi. Kama mwinuko ungetosha, basi Mbulu, Singida, Arusha na Njombe zingekuwa zimejaa mabingwa, na nyanda za juu za kusini mwetu zingekuwa na majina yanayojulikana duniani. Vipaji tunavyo. Bayi aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 Christchurch mwaka 1974; Suleiman Nyambui alipata fedha ya mita 5,000 Moscow; Alphonce Simbu ametupa dhahabu ya marathoni ya dunia mjini Tokyo mwaka 2025, tena kwa kumaliza kwa muda uleule na Mjerumani aliyekuwa mbele yake hatua chache kabla ya utepe. Lakini kila mmoja wa hawa alitokea kama mti mmoja kwenye mbuga. Ukimtafuta mwalimu aliyewalea watatu wao kwa mfululizo, katika shule moja, humpati.

Nakumbuka shule niliyosoma mimi. Mwalimu wetu wa michezo alikuwa na saa ya kupimia muda iliyofungwa kwenye kamba ya kiatu, na daftari la kurasa za mraba ambamo kila Ijumaa aliandika muda wa kila mtoto, hata wa sisi tuliokuwa wa mwisho. Katikati ya muhula wa pili alihamishwa. Hakuna aliyemlaumu mtu, uhamisho ni jambo la kawaida. Daftari lilibaki kwenye kabati la ofisi ya walimu, na mwaka uliofuata, tulipokuwa tukijiandaa kwa UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, mwalimu mpya wa somo jingine kabisa alipewa jukumu la michezo kama mzigo wa ziada, akaanza kutuuliza majina upya. Katika timu ile kulikuwa na msichana mmoja aliyekuwa akitushinda wavulana karibu wote katika mita 1,500. Alikimbia mashindano yale, akawa wa nne, akaenda nyumbani. Hakuna mtu aliyekuwepo wa kukumbuka kwamba mwaka mmoja nyuma alikuwa nyuma kwa sekunde kumi na tano zaidi.

Ndiyo maana nasema kwamba jambo kuu katika kazi ya Bruda Colm ni kukaa kwake. Mtu anayekaa anamwona mtoto wa kidato cha kwanza mwenye miguu kama ya korongo na anakumbuka kwamba Peter Rono naye alikuwa hivyo. Anajua jeraha gani linapona lenyewe na lipi linahitaji miezi. Waliotangulia wanarudi, nao wanakuwa walimu wa wadogo bila kuajiriwa, na katika eneo la shule miti iliyopandwa kwa heshima ya wakimbiaji, kila mmoja na jina lake, inamwambia mtoto mgeni kwamba waliofanikiwa walilala katika mabweni haya haya na kula maharage haya haya. Hakuna kozi ya ukocha inayoweza kumpa mtu kumbukumbu hiyo. Inapatikana kwa miaka tu.

Kukaa huko ndiko kulikozaa pia jambo lililowafungulia wasichana mlango. St. Patrick's ni shule ya wavulana, na kama Bruda Colm angefuata ratiba ya shule peke yake, asingegusa maisha ya binti yeyote. Kambi za likizo, alizoanza mwaka 1989, ziliwaleta pamoja vijana wa shule mbalimbali, na wasichana wakiwemo, katika zama ambazo binti wa Bonde la Ufa aliyemaliza shule alitarajiwa kuolewa na kuviweka viatu vya mbio kando. Matunda yalikuja haraka, pengine haraka mno. Lydia Cheromei alishinda mbio za nyika za dunia za vijana mjini Antwerp mwaka 1991 akiwa na umri wa miaka 13. Ushindi ule ulishangiliwa kila mahali, nami sioni haya kusema kwamba sasa, nikiwa mtu mzima na mzazi, unanitia wasiwasi. Mtoto wa miaka 13 hapaswi kubeba matumaini ya taifa mabegani, na mwalimu yeyote anayelea vipaji vya umri ule, hata awe mwema vipi, yuko karibu sana na hatari ya kumfanya mtoto kuwa mtu mzima kabla ya wakati. Lakini katika kambi zile zile alipita pia Edna Kiplagat, ambaye alipata fedha ya mita 3,000 katika mashindano ya dunia ya vijana mwaka 1996, kisha akapotea machoni pa dunia kwa miaka mingi, akarudi na kuwa bingwa wa dunia wa marathoni mwaka 2011 na 2013, akashinda Boston mwaka 2017 akiwa mama, na akatangazwa tena mshindi wa Boston ya 2021, akiwa na miaka zaidi ya 40, baada ya aliyemtangulia kufutiwa matokeo kwa kutumia dawa zilizopigwa marufuku. Nikiulizwa ni nani kati ya wanafunzi wa Iten anayeonyesha vizuri zaidi kile kilichopandwa pale, nitamtaja Edna kabla ya Rudisha.

Hapo kwenye dawa ndipo urithi huu unapoingia katika uchungu wa leo. Iten ya sasa si ile ya mwaka 1976. Ni mji wa nyumba za wageni, kambi binafsi, mawakala wa kigeni, na mamia ya vijana waliopanga vyumba vya mabati wakisubiri bahati ya kuonwa. Wengi wao waliacha shule, au walimaliza bila mpango wowote, wakaja kwa sababu walisikia kwamba mbio moja ya barabarani Ulaya inaweza kujenga nyumba. Katika mazingira hayo dawa za kusisimua misuli zimepata soko. Orodha ya Wakenya waliofungiwa imekuwa ndefu kiasi kwamba mwishoni mwa 2022 serikali ya Kenya ililazimika kuahidi dola milioni 5 kila mwaka kwa miaka mitano ili nchi isifungiwe kabisa. Fedha hizo ni za kupima na kuchunguza, na zinahitajika. Lakini kipimo humkamata mtu akiwa ameshaanguka. Kijana mwenye miaka 22 ambaye hana cheti, hana ardhi, anadaiwa kodi ya chumba na ameambiwa na wakala kwamba amebakiza msimu mmoja, yuko tayari kuamini sindano yoyote.

Mtetezi wa mfumo wa sasa atanijibu kwamba medali bado zinakuja. Ni kweli. Emmanuel Wanyonyi, aliyewahi kuacha shule akiwa mtoto na kuchunga ng'ombe za watu, alishinda mita 800 katika Olimpiki ya Paris mwaka 2024 kwa tofauti ya sehemu moja ya mia ya sekunde, na siku kumi na mbili baadaye alikimbia 1:41.11 mjini Lausanne, sawasawa na muda wa Kipketer. Namheshimu kijana huyo kwa moyo wote, na walimshika mkono watu wema. Lakini hoja yangu haihusu bingwa. Bingwa ataonekana hata akichunga ng'ombe, au angalau baadhi yao wataonekana. Hoja yangu inahusu wale arobaini wanaokimbia nyuma yake. Katika shule, kijana anayebaki nyuma anarudi darasani Jumatatu, anafanya mtihani, anakuwa mwalimu, karani, mkulima aliyesoma, au, kama Mike Boit, profesa wa chuo kikuu. Ibrahim Hussein mwenyewe, baada ya marathoni zake, alikuja kuongoza kituo cha maendeleo ya riadha cha shirikisho la dunia mjini Nairobi. Katika kambi binafsi anayebaki nyuma anafungasha godoro lake. Tumezoea kuuhesabu urithi wa kocha kwa dhahabu, na St. Patrick's inazo za kutosha. Mimi ningependa mtu awahesabu wale ambao hawakushinda chochote na hawakupotea.

Je, jambo hili linaweza kurudiwa? Hapa inabidi tuwe wakweli, maana ni rahisi kumsifu mtawa na kisha kumdai mwalimu wa kawaida afanye kama yeye. Bruda Colm aliweza kukaa kwa sababu aliweka nadhiri. Hana mke anayesubiri mshahara, hana ada za watoto, hana mzazi mgonjwa kijijini anayetegemea mpesa yake ya mwisho wa mwezi, na shirika lake lilimwacha mahali pamoja kwa miongo kadhaa. Mwalimu Mkenya au Mtanzania mwenye kipawa kilekile cha kuwaona watoto anaishi chini ya masharti mengine kabisa. Nchini Kenya, kuanzia mwaka 2018, tume ya walimu iliendesha sera ya kuwahamisha walimu, hasa wakuu wa shule, kwenda mbali na kaunti zao, na kwa miaka kadhaa familia zilitenganishwa hadi malalamiko yakawa mengi mno. Kwetu, mwalimu wa michezo kwa kawaida ni mwalimu wa somo jingine. Michezo ni kitu anachopewa juu ya vipindi vyake thelathini. Mwenye kipawa akijulikana, wakala humpa mara tatu ya mshahara wake ili aache shule, na mtu wa haki hawezi kumlaumu akikubali.

Kwa hiyo, kama tunautaka urithi wa Iten, tuununue kwa bei yake. Mwalimu wa michezo mwenye matokeo alindwe dhidi ya uhamisho kwa angalau miaka kumi, kwa maandishi, na apande daraja akiwa hapo hapo alipo, bila kulazimika kuwa mkuu wa shule ili mshahara wake uongezeke. Kambi za likizo zigharimiwe chakula na godoro, kwa kuwa hizo ndizo gharama zake halisi, na ziwekwe kwenye shule za bweni ambazo mabweni yake yanakaa matupu wakati huo. Mtaala mpya wa Kenya umeweka mkondo wa sanaa na sayansi ya michezo katika shule za upili za juu, na hiyo ni hatua ninayoifurahia, ila mkondo bila mwalimu aliyekaa utakuwa somo la ubaoni tu. Uwanja wa Kamariny, pale pale Iten, ambao njia yake ya udongo ilikanyagwa na mabingwa wa vizazi vyote, ulibomolewa ili ujengwe upya kwa kiwango cha kisasa, kazi ikakwama kwa miaka, na wakimbiaji wakatawanyika kutafuta mahali pa kupimia mwendo wao. Wakati wote huo nyasi za St. Patrick's ziliendelea kukatwa na kukanyagwa.

Bado nyumba ya Bruda Colm iko ndani ya eneo la shule, na wanaomsaidia sasa ni Wakenya, baadhi yao wakiwa wamepita mikononi mwake wakiwa vijana. Sijui kama yupo kati yao ambaye barua ya serikali, au bahasha ya wakala, haitamkuta kabla hajafikisha hata miaka kumi. Asubuhi kengele ya shule ikilia, vijana wanatoka kwenye mabweni wawili wawili, wanavuka kuelekea kwenye nyasi zenye umande, na wanaanza polepole, miguu ikiburuzika.